Kwa Baiskeli Katika Vilima vya Kigali

Mkulima wa Kisii au wa Murang'a afikapo Kigali haoni ugeni mwingi. Vilima viko mbele na vilima viko nyuma, mabonde yenye unyevu yamelala katikati, na migomba imeshuka hata karibu na barabara. Ugeni wa kwanza ataukuta barabarani penyewe, kwa maana nchini Rwanda magari na baiskeli hupita upande wa kulia, wala si kushoto kama ilivyo Kenya. Mtu aliyezoea barabara za kwao hulikumbuka jambo hilo vema akiwa anakwenda moja kwa moja, kisha hulisahau kwenye kona ya kwanza. Basi heri alitie moyoni kabla ya kupanda baiskeli yake, kwani katika mji huu hakuna safari ndefu isiyokuwa na mteremko, na kwenye mteremko nafasi ya kufikiri ni ndogo.

Upande wa magharibi wa mji, chini ya Mlima Kigali ambao kimo chake ni mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, uko mtaa wa Nyamirambo. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na katika zama hizo walikuja askari, wapagazi na wafanya biashara kutoka pwani na bara ya Tanganyika, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulianzishwa mwaka 1913. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, lakini watu wa Nyamirambo na wa Biryogo, mtaa wa jirani, hawakuingoja sheria hiyo. Walikuwa wakinunua na kuuza kwa Kiswahili tangu siku za babu zao. Kwa hiyo Mkenya aendaye huko kwa baiskeli ana faida kubwa ya kuweza kuuliza njia.

Njia ya kwanza inayostahili kuelezwa ni ile itokayo bondeni Nyabugogo, penye kituo kikuu cha mabasi, ikapita Kimisagara hadi Nyamirambo juu. Kipande kimoja cha mwinuko huo huitwa Ukuta wa Kigali, nacho hakikupewa jina hilo kwa mzaha. Urefu wake ni mita 400 tu, lakini kimetandikwa mawe, na wastani wa mwinuko ni asilimia 11, maana yake kila mita 100 za kwenda mbele huongeza mita 11 za kwenda juu. Juu ya mawe hayo gurudumu la nyuma huteleza mwendeshaji akisimama juu ya pedali. Wenye ujuzi hukaa kitini, hutia gia nyepesi kabla mwinuko haujaanza, na hutazama jiwe lililo mbele yao badala ya kutazama kileleni. Mvua ikinyesha ni afadhali kushuka na kusukuma. Wala hakuna aibu, maana wenyeji wengi husukuma hata siku za jua.

Ukuta huu ulipata sifa zake katika mashindano ya kuizunguka Rwanda, yaliyoanza mwaka 1988 na kuingizwa katika orodha ya mashindano ya kimataifa mwaka 2009. Mnyarwanda Valens Ndayisenga aliyashinda mwaka 2014 na tena mwaka 2016, na siku mashindano yapitapo mtaani watu hujaa vibarazani na juu ya kuta wakishangilia. Lakini siku iliyozishinda zote ilikuwa tarehe 28 Septemba 2025. Wiki hiyo Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, ambayo hayajapata kufanyika Afrika kabla ya hapo, na shule za mji zilifungwa ili barabara zibaki wazi. Wanaume walipangiwa kilomita 267.5, na miinuko yote ikijumlishwa ilikaribia mita 5,500, yaani kupita kimo cha Mlima Kenya. Walizunguka mara nyingi katika mitaa ya upande wa mashariki, wakipanda mawe ya Kimihurura kila mzunguko, kisha mara moja wakapelekwa magharibi kuupanda Mlima Kigali, kilomita 5.9 kwa wastani wa asilimia 6.9, na baada yake ule Ukuta.

Tadej Pogačar wa Slovenia alianza shambulio lake hapo mlimani, zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, na baadaye akaendelea peke yake hadi mwisho. Remco Evenepoel wa Ubelgiji akawa wa pili, na Ben Healy wa Ireland wa tatu. Walioanza walizidi 160. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Siku moja kabla, upande wa wanawake, alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache sana walimtaja katika ubashiri wao.

Mashindano yalipokwisha wageni walirudi makwao, na vilima vikabakia kwa wenyewe. Mwenye Ukuta na mwenye Mlima Kigali ni yule mtu ambaye Wanyarwanda humwita umunyonzi, na wakiwa wengi abanyonzi, yaani mchukuzi wa abiria au mizigo kwa baiskeli. Wakenya wa Busia na Kisumu wanamjua vizuri, kwa sababu bodaboda ya kwanza ilikuwa baiskeli kabla haijawa pikipiki. Baiskeli yake ni ya chuma, nzito, yenye karia imara nyuma, na kwa kawaida haina gia za kubadilisha. Mtu, baiskeli na magunia ya viazi vikifika kilo 150 kwa pamoja, basi kwenye mwinuko wa asilimia 11 uzito unaomvuta kurudi chini ni karibu kilo 16, naye hana budi kuushikilia kwa mikono yake mpaka juu. Bingwa wa dunia hupanda na baiskeli isiyofika kilo 8 na chupa mbili za maji.

Si kwamba watu hawa wawili ni wa mataifa mawili yasiyojuana. Abraham Ruhumuriza, aliyekuwa bingwa wa Rwanda mara nyingi kabla ya mwaka 2009, alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli ili apate chakula. Gasore Hategeka, aliyefuata baadaye, alianza kwa kubeba viazi. Na katika wilaya za kaskazini bado zipo baiskeli za mbao tupu, zisizo na mnyororo wala pedali, ambazo husukumwa zikipanda na kuachiliwa zikiteremka. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alisaidia kuandaa mashindano ya namna hizo, na ndipo wengi wa nje walipoanza kutambua kwamba nchi hii ina vijana wenye mapafu na miguu.

Njia ya pili hutoka Nyabugogo kwenda kaskazini kwa barabara ya Musanze, nayo hupanda muda mrefu hadi Shyorongi. Lami ni nzuri, na kila kona huonyesha bonde la mto Nyabarongo likizidi kuzama. Mpenda baiskeli hataipata njia bora karibu na mji. Hata hivyo ndiyo njia ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu malori mazito hupanda humo polepole, na mchukuzi aliyechoka hushawishika kulishika lori kwa nyuma ili limvute. Mkono mmoja uko kwenye chuma cha lori, mwingine kwenye usukani. Dereva hamwoni. Lori likikanyaga shimo, au likisimama ghafula, au likirudi nyuma kidogo dereva abadilishapo gia, mtu huyo hana pa kwenda. Polisi wa Rwanda wamekataza jambo hilo kwa matangazo na kwa kukamata baiskeli, na ni haki yao kufanya hivyo, maana vijana wamekufa. Lakini amri peke yake haimpunguzii mtu uzito wa gunia. Abanyonzi wamezuiwa katika barabara kubwa za katikati ya mji, na hawaruhusiwi kufanya kazi usiku, hivyo wamesukumwa zaidi kwenye miinuko ya pembezoni, na humo ndimo njia pana ya kando kwa ajili ya baiskeli ingeokoa watu wengi kuliko mahali pengine po pote.

Msafiri apitaye huko na ajihadhari kwa namna yake. Breki zikaguliwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa raba za breki zilizolika hazimsimamishi mtu katika mteremko wa kilomita kadhaa. Asishuke akibana breki moja mfululizo. Azibane zote mbili kwa vipindi, ili chuma cha gurudumu kipoe. Na akiliona lori linapanda mbele yake, asilipite kabla hajatazama kama hakuna mtu aliyening'inia nyuma yake, kwa sababu mtu huyo akiachilia ataangukia upande wa apitaye.

Kwa mgeni asiyetaka hofu iko asubuhi ya Jumapili. Tangu mwaka 2016 Kigali imetenga Jumapili kadhaa ambazo barabara fulani hufungiwa magari kwa saa chache, na watu hutoka kukimbia na kuendesha baiskeli, wazee kwa watoto. Baadaye wengi huteremkia Biryogo, kwenye mtaa uliozuiwa magari na kupakwa rangi chini, wakanywa chai ya maziwa yenye tangawizi na kula chapati.

Njia ya mwisho ni ya kusini, kupita Kicukiro na Gahanga hadi Nyamata katika wilaya ya Bugesera, kilomita 30 hivi. Baada ya kuvuka daraja la Nyabarongo, nchi hulala karibu tambarare, na hapo mchukuzi huonekana kwa mara ya kwanza ameketi kitini na mzigo wake, akipiga kengele na kuzungumza na abiria. Nyamata lipo kanisa lililofanywa ukumbusho wa waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari. Watu huingia humo kwa utulivu. Wakati wa kurudi, mwinuko wote wa kutoka mtoni hadi Gahanga hungojea mwishoni mwa safari, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri, kwa hiyo wenye busara huondoka Nyamata kabla ya saa tano.