Mkono wa Mbao

Wavulana wetu wa Kolwezi huanza ufundi mapema: kwa waya na vikopo tu huunda malori yenye usukani ugeukao kweli. Basi Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya dini, tuliwaomba watuundie mkono.

Waliunganisha mbao mbili nyembamba kwa msumari mmoja, ukawa kiwiko. Kamba wakaifunga katika ubao wa chini, sentimita 5 tu kutoka msumarini, mfano wa kano ya msuli ishikavyo mfupa. Msuli hausukumi, huvuta tu. Ndiyo sababu Mwumba ametutilia mmoja mbele wa kukunja mkono, na mwenzake nyuma wa kuunyosha.

Mahali pa kiganja, sentimita 30 kutoka kiwikoni, wakatundika jiwe la kilo 1. Aliyevuta kamba alikunja uso. Jiwe jepesi, kamba nzito! Wakapiga hesabu: 30 kwa 5 ni mara 6, hivyo kamba yavuta kama ainuaye kilo 6, bila kutaja uzito wa ubao. Faida yake ni mwendo, kwani kamba ikisogea kidogo, jiwe lapaa juu.

Ndipo mwana wetu, mwenye miaka 12, akauliza polepole: “Baba, na ule mfuko wa mawe ya shaba?”

Wakati wa likizo alikuwa akibeba madini pamoja na wachimbaji, nasi tulipokea fedha yake, tukanunua unga. Tulinyamaza.

Likizo hii hatakwenda. Unga tutautafuta sisi.