Dhahabu ya Kilwa Katika Mji wa Lisbon

Ndugu msomaji, katika nyumba moja ya makumbusho mjini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kimewekwa chombo cha dhahabu ambacho kila kijana wa Kiislamu wa pwani yetu yafaa akijue. Mimi nilikuwa nimekisoma vitabuni kwa miaka mingi. Mwenyezi Mungu akanijaalia safari ya kufika huko, nami nikafuatana na mpwa wangu, kijana wa miaka 17 apendaye sana tarikhi, na apendaye zaidi kubishana.

Hatukwenda moja kwa moja kwenye makumbusho. Nilitaka kwanza aone Belém, kitongoji kilicho magharibi ya mji, kando ya mto Tagus, karibu na pale unapoingia baharini. Zamani mahali hapo paliitwa Restelo, na hapo ndipo Vasco da Gama alipotweka matanga tarehe 8 Julai, 1497, akiwa na vyombo vinne na watu wapatao 170. Mfalme Manuel baadaye akajenga hapo nyumba kubwa ya watawa, iitwayo Jerónimos, kwa jiwe jeupe lililochongwa kamba, mafundo na viumbe vya baharini, hata mtu hudhani mawimbi yamegeuka ukuta. Sehemu kubwa ya gharama yake ilitoka katika kodi ya moja katika ishirini iliyotozwa biashara ya Afrika na Mashariki. Biashara hiyo ndiyo iliyogeuka nguzo zile.

Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama. Sanamu yake imelala chali, mikono imekutanishwa kifuani kama mtu aombaye, na ubavuni mwa kaburi umechongwa mfano wa chombo cha matanga. Watu walikuwa wakizunguka na kupiga picha. Mpwa wangu alisimama kitambo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, huyu ndiye tuliyesomeshwa kwamba aliivumbua njia ya Bara Hindi?"

Nikamwambia ndiye, walakini yule aliyemvukisha kutoka Malindi kwenda Calicut aliijua njia hiyo tangu zamani. Hapa, msomaji, ningependa kusahihisha jambo moja lisemwalo sana katika baraza zetu. Husemwa kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni. Habari hiyo yatokana na mwandishi mmoja wa Makka aliyeandika miaka mingi baada ya tukio. Waandishi wa Kireno wamtaja mtu wa Gujarati, wakamwita kwa jina lililo karibu na "Malemo Kana", na neno hilo la kwanza si jingine ila mwalimu, jina ambalo mabaharia wa bahari yetu walimpa mtu ajuaye nyota na pepo. Ibn Majid ana utukufu wake wa kutosha katika vitabu vyake. Hahitaji kubebeshwa mzigo huu.

Basi mwalimu huyo akawangojea kusi. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, 1498, na baada ya siku 23 tu za bahari kuu wakaiona nchi ya Hindi. Wakati wa kurudi hawakuungoja msimu. Wakatoka mapema mwezi wa Oktoba, pepo zikawapinga, wakakaa baharini karibu miezi mitatu. Fizi zao zikavimba kwa ugonjwa wa kukosa matunda, na watu 30 wakafa. Walipotia nanga Malindi mwezi wa Januari 1499, kitu cha kwanza walichokitamani wagonjwa kilikuwa machungwa, na watu wa Malindi wakawapa. Siku chache baadaye walichoma chombo chao kimoja kwa mikono yao wenyewe, maana mabaharia waliobaki hawakutosha kukiendesha.

Zama zile Wazungu huziita Kuzaliwa Upya, yaani kufufuka kwa elimu na sanaa katika nchi zao. Kwa hakika palikuwa na elimu nyingi, nasi hatuna haja ya kuikana. Lakini mtu akitembea Lisbon kwa miguu ataona elimu hiyo imepitia mikono ya nani. Mji huo ulikuwa wa Kiislamu hadi mwaka 1147, nao Waarabu waliuita al-Ushbuna. Mtaa wake wa kale ungali ukiitwa Alfama, jina litokanalo na neno la Kiarabu la chemchemi ya maji ya moto. Vigae vya rangi vilivyopamba kuta za nyumba huitwa azulejo, nalo pia ni Kiarabu. Astrolabu, ala ya kupimia nyota, iliwafikia kwa njia ya Waislamu. Na mahesabu ya jua waliyoyatumia mabaharia wa Kireno yalikuwa kazi ya mwanachuoni wa Kiyahudi, Abraham Zacuto.

Sasa sikiliza ajabu. Desemba 1496 mfalme huyo huyo, Manuel, alitoa amri kwamba Wayahudi na Waislamu wote watoke Ureno. Mwaka 1497, mwaka ule ule ambao Vasco da Gama alitweka tanga pale Restelo, Waislamu wa Ureno walifunga mizigo yao wakahama. Wayahudi wengi walilazimishwa kubatizwa. Zacuto akakimbilia Tunis, nchi ya Waislamu, akaishi na kuandika huko. Mfalme alibaki na majedwali ya nyota ya mtu ambaye hakumtaka katika nchi yake.

Kutoka Belém tulipanda gari la reli ya mjini tukarudi nusu ya njia hadi mtaa wa Janelas Verdes, yaani Madirisha ya Kijani, iliko nyumba ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Njiani nilimsimulia mpwa wangu habari za safari ya pili, maana chombo tulichokuwa tukikiendea chatokana na safari hiyo.

Mwaka 1502 Vasco da Gama hakuja tena kuuliza njia. Alikuja na kundi la merikebu za vita, na mwezi wa Julai akatia nanga mbele ya Kilwa. Mtawala wa Kilwa wakati huo alikuwa Amiri Ibrahim. Miaka miwili kabla yake nahodha mwingine wa Kireno, Cabral, alikuwa amekwisha kuja kutaka mapatano asiyapate. Safari hii hapakuwa na mazungumzo marefu. Amiri aliambiwa akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu kila mwaka, ama mji utateketezwa kwa mizinga. Akakubali miskali 1500. Msomaji ajuaye hesabu ya Zaka anajua kwamba nisabu ya dhahabu ni miskali 20. Basi alichotozwa Amiri ni nisabu 75, zaidi ya kilo sita za dhahabu. Tarehe 20 Julai Vasco da Gama aliacha barua Kilwa kwa manahodha watakaomfuata, akaeleza humo jinsi alivyoitoza.

Merikebu zikaendelea na safari, na dhahabu ile imo ndani yake. Mwisho wa Septemba, karibu na pwani ya Malabar, zilikutana na jahazi kubwa liitwalo Miri, likirudi kutoka Makka. Ndani mlikuwa na mahujaji, wake zao na watoto wao. Walijitolea kulipa fidia kubwa, lakini haikuwafaa. Vasco da Gama alitwaa mali zao, kisha akaamuru jahazi litiwe moto na watu wakiwamo. Tomé Lopes, karani wa merikebu mojawapo ya Wareno wenyewe, ameandika kwamba aliwaona wanawake wakiinua mapambo yao ya dhahabu na kuwanyanyua watoto wao wachanga ili waonewe huruma. Walipigana siku kadha wa kadha kwa mawe na kwa chochote walichokipata. Watoto wachache walichukuliwa wakabatizwa, waliobaki wakaangamia. Karani yule alisema hataisahau siku ile maisha yake yote. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mpwa wangu hakunena kitu mpaka tulipofika mlangoni.

Chombo chenyewe kimesimama peke yake ndani ya sanduku la kioo. Urefu wake ni kama sentimita 73. Ni chombo ambacho mapadri wa Kikatoliki huweka mkate wa ibada yao ili watu wauone. Fundi wake atajwa kuwa Gil Vicente. Kimejengwa mfano wa kanisa dogo lenye minara myembamba kama miiba, na katikati wamepiga magoti wanafunzi 12 wa Nabii Isa, amani iwe juu yake, kila mmoja na uso wake na rangi ya vazi lake. Chini yao mna matufe ya pete za falaki, alama ya mfalme Manuel, kana kwamba dunia yote imeshikwa pale. Kwenye kitako mna ndege, maua na makonokono, vidogo mno hata yambidi mtu ainame. Nasema kweli: ni kazi nzuri. Sisi dini yetu haituruhusu kuviweka vitu vya namna hii misikitini, lakini jicho halikatazwi kuutambua ufundi.

Kisha nikamwonyesha mpwa wangu maandishi yaliyozunguka kitako. Hayakufichwa wala kufumbwa. Yasema kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506. Jina la mji wetu limeandikwa kwa herufi za Kireno cha zamani, Qviloa. Alilisoma mara mbili kwa kidole juu ya kioo, kisha akageuka.

"Basi, mjomba, dhahabu hii ni yetu."

Nilitaka kumjibu ndiyo, tuondoke. Lakini kijana hapaswi kupewa nusu ya tarikhi. Nikamwambia: dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikachukuliwa hadi Sofala, na Kilwa ikapata mali kwa kuitawala bandari ile na kutoza ushuru. Ibn Batuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake, na akamsifu sultani wake, Abu-l-Mawahib Hasan bin Sulaiman, ambaye siku moja ya Ijumaa, baada ya sala, alivua nguo zake akampa fakiri wa Yemen aliyemwomba. Lakini Ibn Batuta huyo huyo asema sultani alikuwa akienda kuvamia nchi za bara na kuteka nyara. Watu wa bara nao wangekuwa na maneno yao mbele ya kioo hiki.

Wala tusisahau hali ya Kilwa yenyewe. Amiri Ibrahim hakuwa wa nasaba ya masultani. Alikuwa amekinyang'anya kiti. Waandishi wa Kireno wasimulia kwamba alipotakiwa kutoa dhamana ya ile dhahabu, alimtoa tajiri mmoja aliyemwogopa, Muhammad Ankoni, akitumai kwamba Wareno watamwua badala yake. Na tajiri yule akajikomboa kwa kuilipa mwenyewe. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na majeshi, akauteka mji na kuupora, akajenga ngome. Ibrahim akakimbia. Almeida akamkalisha kitini Muhammad Ankoni huyo huyo, na akamvika taji ambalo lilikuwa limeletwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin, Bara Hindi. Mwaka 1506 Ankoni aliuawa, mwaka ule ule ambao Gil Vicente alimaliza kazi yake hapa Lisbon. Mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome ya Kilwa, maana biashara ya dhahabu waliyoitaka ilikuwa imekwisha kuvurugika, na Sofala walikuwa wameishika wenyewe.

Mpwa wangu akasema, "Kwa hiyo si yetu?"

Nikamwambia sikusema hivyo. Ilitozwa kwa mdomo wa mzinga, na waliotoza wameandika kwa mkono wao kwamba waliitoza. Hilo halipunguzwi na makosa ya Amiri Ibrahim.

Nilikuwa nimekwisha kwenda Kilwa Kisiwani kabla ya safari hii. Mtu hushika chombo kutoka Kilwa Masoko, na kwa muda mfupi hufika. Ngome iliyo ufukweni watu waiita Gereza, neno tulilolitwaa kwa Wareno, ambalo kwao maana yake ni kanisa, ingawa kuta nyingi zionekanazo leo zilijengwa na Waomani baadaye. Juu kidogo upo Msikiti Mkuu, na nguzo zake za mawe ya bahari, na makuba yake. Sehemu yake kubwa ilijengwa na sultani yule aliyempa fakiri nguo zake. Nilipokuwa huko sikuona hata chembe ya dhahabu. Nilimwona mzee mmoja akitandaza nyavu kivulini mwa ukuta. Nilipomtajia chombo cha Lisbon aliniuliza kama nimekiona kwa macho, nami siku ile sikuwa nimekiona.

Hilo nikamweleza mpwa wangu. Akatoa daftari lake, akachutama kando ya sanduku la kioo, akaanza kuyanakili maandishi ya kitako, herufi moja baada ya moja, akilizunguka polepole. Mlinzi, mama wa makamo, alikuja akamtazama. Nikadhani atamkataza. Akamwonyesha herufi moja aliyoikosea, akaingoja mpaka akaisahihisha.

Tulipotoka jua lilikuwa likielekea baharini. Lisbon sasa ina Msikiti Mkuu wake, uliofunguliwa mwaka 1985, na wengi wa wanaosali humo asili yao ni Msumbiji na Guinea-Bissau. Tukafanya haraka tuiwahi Magharibi. Katika safu, kushoto kwangu, alisimama mzee aliyezaliwa Kisiwa cha Msumbiji, na baada ya sala aliponisikia nikisema na mpwa wangu akanisalimu kwa Kiswahili cha kwao, akauliza tumetoka wapi. Mpwa wangu akafungua daftari akamwonyesha.