Kurasa 210 bila Cherehani

Muswada wangu umerudi kwa mara ya tatu. Barua iliyoandamana nao ina mistari miwili tu, na wa pili ni saini.

Mama alikuwa barazani kwenye cherehani, anapinda gauni la mteja.

"Wamesemaje, baba?"

"Wamekataa."

Hakuinua macho. "Basi usizitupe hizo karatasi, nitakatia kola."

Niliudhika, sikudanganyi msomaji. Tangu nimalize kidato cha nne sijafanya kazi nyingine ya maana ila hiyo riwaya.

Siku hizo nilikuwa nasoma habari za Faith Ringgold, mchoraji Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1930. Utotoni alisumbuliwa na pumu, mara kwa mara akibaki nyumbani, na mama yake, Willi Posey, akampa rangi na vipande vya vitambaa achezee. Mama huyo alikuwa fundi nguo na mbunifu wa mitindo. Tena ushonaji ulikuwa wa ukoo: bibi yao mmoja wa zamani, mtumwa, alishona mablanketi ya viraka kwa ajili ya mabwana zake. Mwaka 1980 mama na binti walishona pamoja blanketi lao la kwanza, *Echoes of Harlem*, lililojaa nyuso za watu wa kwao. Mwaka uliofuata mama akafariki.

Lakini kilichonichoma ni hiki. Ringgold aliandika kitabu cha maisha yake, wachapishaji wakakikataa. Basi akaanza kuandika hadithi juu ya kitambaa chenyewe, kando ya picha, akazungushia viraka. La kwanza la namna hiyo lilikuwa la mwaka 1983. Mtu kaja kutazama picha, anaondoka kasoma! Katika *Tar Beach*, la 1988, wazazi wamekaa na majirani juu ya paa, usiku wa joto, chakula mezani, na binti yao Cassie anaruka angani juu ya daraja ambalo baba yake alishiriki kulijenga. Mwaka 1991 likawa kitabu cha watoto. Na kile kitabu kilichokataliwa? Maisha yake yalichapishwa hatimaye mwaka 1995. Alifariki 2024, ana miaka 93.

Sasa mimi. Nimelelewa kwa cherehani, ndani ya nyumba yenye khanga kila kamba, nguo inayosema kabla mvaaji hajafungua kinywa. Nimeandika nini? Jasusi wa Berlin! Hata Namanga sijafika. Kurasa zote 210 hamna fundi nguo hata mmoja, wala mwanamke anayefanana na mama.

Jioni nilimpelekea zile karatasi. Kabla hajashika mkasi nikamwuliza kushona alifundishwa na nani.

Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Na bibi yako," akasema. "Unataka nianzie wapi?"

Nikageuza ukurasa wa kwanza wa jasusi, upande mweupe.