Paka wa Nyumba Haingwa

Paka wa nyumba haingwa. Methali ni fupi, na kitenzi chake kimekwisha kuwa kigeni kwa vijana wengi. Kuinga ni kufukuza, hasa kufukuza kwa kelele ndege na wanyama waharibifu. Marehemu bibi yangu, Mzaramo wa Kisarawe upande wa Maneromango, alilitumia neno hilo kila msimu mpunga ulipoanza kutoa masuke. Hapa Kibaha ninapoishi sasa, ukimwambia mtoto "muinge huyo kuku", atakutazama usoni akingoja tafsiri. Maana ya methali, hata hivyo, bado inafahamika: aliyezoeleka nyumbani, hata akiwa mdokozi, hafukuzwi. Watu huitumia kwa upole, aghalabu kumtetea ndugu mvivu au shemeji asiyeaga.

Fasihi yetu inayo hadithi moja ya paka ambayo mimi huisoma kama jibu la methali hiyo, tena jibu kali. Ni hadithi ya Sultani Majnuni, na paka aliyegeuka Nunda, mla watu. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyo wa ngano alizosimuliwa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Sehemu ya kwanza ni ya mtende na ndege anayekula tende, nami naipita. Sehemu ya pili ndiyo yenye paka.

Sultani ana paka wake. Paka anaanza kula mifugo, na kila anapokula, anapanda daraja: leo mnyama mdogo, kesho mkubwa zaidi. Watu wanakwenda kushtaki. Sultani anawajibu kwamba paka ni wake na aliyeliwa ni wake pia. Basi kesi iko wapi? Wanarudi makwao. Paka anafika kwa mtoto wa mtu, kisha kwa mtu mzima, na jibu halibadiliki. Siku paka anapowaua wana wa sultani mwenyewe, ndipo mzee anapokubali kwamba huyo si paka tena.

Wapenzi wa lugha mtaona kwamba hoja nzima ya sultani imesimama juu ya shina moja la umilikishi, -angu. Kila kinacholetwa mbele yake hulipokea, na kisarufi hakuna kosa: ngeli zinakubaliana, vivumishi vimekaa mahali pake. Ni sentensi safi. Watu wanaliwa ndani ya sentensi safi. Nimewahi kusikiliza vikao vya ukoo, na vya ofisi pia, ambamo shina hilo hilo lilifanya kazi hiyo hiyo, na wajumbe wakatoka wakiwa hawana la kusema kwa sababu kweli paka alikuwa wa mwenyewe.

Bibi hakupata kumsoma Steere. Kwake mwenye paka alikuwa jumbe, si sultani, wala hapakuwa na mtende. Palikuwa na mikorosho na kichaka cha nyuma ya nyumba. Alianza kwa "Paukwa!", nasi tukaitikia "Pakawa!", na kwa miaka mingi nilidhani neno hilo limetokana na paka, kwani kwa bibi paka hakuwa mbali na mwanzo wa jambo lolote. Alisimulia kwa sauti ya kawaida hadi mahali kitinda mimba, yule mwana aliyekuwa akidharauliwa na baba yake, anapotoka kwenda kumtafuta Nunda. Hapo sauti ilishuka, nasi tukasogea, maana zamu yetu ilikuwa imekaribia.

Kijana anaingia porini. Hajapata kumwona Nunda; anachojua ni sifa tu. Anaua mnyama, anamburura hadi nyumbani huku akiimba kwamba Nunda amekufa. Mama anatoka, anatazama, anamwambia kuwa siye. Kijana anarudi porini, anamleta mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Mama anatazama: siye. Anakuja na mwingine, na mwingine, hata ndovu, na kila mara mama ni huyo huyo na jibu ni hilo hilo. Katika masimulizi ya bibi, sisi watoto ndio tuliokuwa mama. Bibi alitaja mnyama, nasi tukajibu kwa pamoja: "Siye!" Tulilipenda neno hilo kuliko hadithi yenyewe.

Nilipokua na kuanza kutunga mashairi, ndipo nilipoona kazi anayoifanya mama huyu. Yeye ndiye mwanakamusi wa hadithi. Amewapoteza wanawe, kila sababu ya kutaka jambo liishe anayo. Angeweza kumpokea ndovu, akamwita Nunda, akamzuia mwanawe wa mwisho asirudi tena porini. Mji mzima ungeshangilia. Anakataa. Jina halimwendei mnyama kwa kuwa ni mkubwa, wala kwa kuwa kijana amechoka, wala kwa kuwa mama mwenyewe anaogopa. Baba alitumia maneno sahihi kuficha kitu. Mama anakataa kutumia neno moja mahali pasipo pake, ingawa kukataa huko kunaweza kumgharimu mtoto. Sijui katika hekaya zetu tukio jingine ambamo uaminifu kwa neno una bei kubwa hivyo.

Na tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kina njia rahisi ya kumkuza paka: bandika ji-, upate jipaka, na kila msikilizaji ataogopa kidogo. Wasimulizi hawakuichukua njia hiyo. Walichukua jina jingine kabisa. Nadhani ni kwa sababu kilichobadilika si kimo. Lugha yetu imempangia mnyama huyu majina kwa kadiri ya umbali wake na kizingiti cha mlango: yupo paka wa nyumbani, na wengine humwita nyau, yupo paka shume, aliyeasi nyumba akawa anarandaranda, yupo kimburu, wa mwituni tangu kuzaliwa, kisha mondo, na simbamangu mwenye masikio marefu. Nunda yuko nje ya mpangilio huo, kwani yeye alitoka ndani. Hakufukuzwa, hakuingwa. Alilelewa.

Katika mtaa wetu hapa Maili Moja, neno shume limekwisha kupotea midomoni mwa watoto. Paka anayelala darini kwa watu na kuiba dagaa wanamwita "paka chokoraa". Sina ugomvi na chokoraa. Ni neno lenye uhai, na limebeba huruma ambayo shume haina. Lakini chokoraa ni aliyetupwa, na shume ni aliyeondoka mwenyewe. Tofauti hiyo mshairi huihitaji.

Paka wa vitabu vya watu wengine nimewapenda pia. Katika maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha nilisoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, iliyotolewa Nairobi mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Wengi hukumbuka nguruwe na yule farasi mchapakazi. Mimi humkumbuka paka. Kura inapigwa kuamua kama panya ni wenzi, na baadaye inagundulika kwamba paka alipiga pande zote mbili. Wakati wa kazi haonekani; wakati wa chakula amekwisha fika, na visingizio vyake ni vitamu hata hakuna awezaye kumkasirikia. Huyo kweli ni paka wa nyumba asiyeingwa, na Orwell alimpa nafasi ndogo mno.

Mwingine ni paka wa Lewis Carroll, yule anayetoweka polepole hadi kikabaki kicheko chake peke yake. Kitabu hicho cha mwaka 1865 kimeingia katika Kiswahili zaidi ya mara moja: mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Kwa Kiingereza kitendawili cha paka huyo ni cha mantiki. Ukikisogeza kwetu kinakuwa cha sarufi pia. Paka anakenua: a- inatuambia yupo mwenye uhai. Akishatoweka, hatuna ruhusa ya kusema anakenua. Tunalazimika kusema mkenuo unaning'inia mtini. A- imekuwa u-. Upatanisho wa ngeli unamfuta paka kabla mchoraji hajamfuta. Ningekuwa na wanafunzi wa tafsiri, ningewapa ukurasa huo mmoja kwa muhula mzima.

Lakini hao hawajanitia wivu. Wivu wangu ni wa Nunda, kwa sababu ya safari aliyoifanya bila sisi. Mwaka 1901 Andrew Lang alimtia katika kitabu chake cha ngano cha rangi ya urujuani, na mwaka huo huo George Bateman akamtoa Chicago katika ngano zake za Zanzibar. Miaka ya 1930 William Hichens, aliyepata kuwa hakimu katika utawala wa Tanganyika, aliandika habari za mauaji ya Lindi ya mwaka 1922, ambayo wenyeji waliyanasibisha na paka mkubwa wa kijivu aitwaye nunda au mngwa. Wasomaji wa ushairi wanamjua Hichens kwa sababu nyingine: ndiye aliyehariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka 1940. Hunifurahisha kwamba mtu aliyekaa na beti za Muyaka mezani alikuwa pia akimsaka paka yule yule aliyetutia hofu Maneromango.

Kisha ikaja 2001. J. K. Rowling, katika kitabu chake kidogo cha viumbe wa ajabu, alimweka mnyama wa Afrika Mashariki, chui mkubwa mno asiyesikika anapotembea, ambaye pumzi yake hueneza maradhi. Jina lake Nundu. Mimi sina shaka ni jamaa ya yule wetu, ameongezewa maradhi na kubadilishiwa irabu. Mwaka 2016 akaonekana kwenye filamu, na kwa njia hiyo akarudi Kibaha.

Nililijua hilo siku nilipokuwa nikimsimulia Nunda mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi na miwili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mama mdogo, samahani. Ni Nundu, siyo Nunda."

"Nundu iko mgongoni mwa ng'ombe," nilimjibu. "Kamuulize muuza nyama, atakupimia kilo."

Alicheka, lakini hakuridhika. Alikuwa amemwona kwa macho yake, akiunguruma, na mimi nilikuwa na maneno matupu ya bibi aliyezikwa Kisarawe kabla yeye hajazaliwa. Hapo niliona jambo lililokuwa likitendeka. Mtoto alikuwa na mnyama bila sultani, bila mama, bila kijana anayeburura mizoga mlangoni. Nundu wa filamu hakuwahi kuwa paka wa mtu yeyote. Ni wa mwituni tangu mwanzo, hana wa kumlaumu. Kubadilika kwa irabu moja ni jambo dogo, na maneno husafiri hivyo siku zote. Kuondolewa kwa mwenye paka si jambo dogo.

Sikubishana naye. Anapenda kuchora katuni, na daftari zake za hesabu zimejaa vibonzo vya walimu. Nikamwomba anichoree hadithi ya bibi, kuanzia paka alipo chini ya kiti cha sultani. Alifanya hivyo kwa majuma mawili, kila siku baada ya kazi za shule. Kisanduku cha kwanza kina paka mwembamba, mkia umejikunja kwenye mguu wa kiti. Cha tano kina nusu ya paka. Cha saba kina mkia tu, mengine hayakuenea. Sultani hakumbadilisha hata kidogo: kilemba kile kile, tumbo lile lile, kidole kimeinuliwa vile vile.

Kwenye visanduku vya mama ameandika SIYE ndani ya puto la maneno, mara sita, kwa kalamu nyekundu. Alipofika kwa Nunda wa kweli alinijia akauliza mama aseme nini hapa. Nilimwambia kinyume cha siye ni ndiye. Akaliandika kwa herufi ndogo kuliko zote. Nunda amelala chini, amekufa, amejaza kisanduku kutoka pembe hadi pembe, na mama amesimama juu yake akitazama upande mwingine. Nikamuuliza mbona mama hamtazami mnyama. Akasema mnyama amekwisha kufa. Anayemtazama ni baba.