Karatasi ya Hepesi Haisemi Nani Alicheza

Wasee, leo tuongee hepesi, yale malengelenge ya sehemu za siri, bila kuchekana. Mimi si daktari, chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha.

Beshte yangu wa Kangemi alipima damu tao. Karatasi ikasema HSV-2 iko. Hakuwa na kidonda hata kimoja. Akampigia mpenzi wake simu, akajibiwa, "Kumbe umekuwa ukinicheza?" Matatu haikuwa imefika Westlands na walikuwa washaachana.

Sasa skiza. Kipimo cha damu hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, alama kwamba mwili ulishakutana navyo. Hakisemi ni lini, wala nani alivileta. Mtu anaweza kukaa navyo miaka bila dalili na aambukize bila kujua. Tena hukosea. Ukiwahi sana, kingamwili hazijaonekana. Zinaweza kuchukua wiki 12 au zaidi. Na namba ikiwa juu ya mstari kidogo tu, "iko" inaweza kuwa "haiko". Mwaka 2023 FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, walitoa onyo kuhusu majibu kama hayo ya HSV-2. Kwa hivyo uliza namba, kisha uombe kipimo cha pili cha aina tofauti.

Ukiwa na kidonda, mambo hubadilika. Usingoje kikauke, usipake dawa ya kuokotea River Road. Nenda kikiwa kibichi, uombe kipanguswe kwa pamba na kipimwe PCR. Hiyo inasaka virusi vyenyewe, na inatofautisha HSV-2 na HSV-1, ile ya vidonda vya mdomo ambayo pia hufika huko chini. Pima na HIV, kwa sababu HSV-2 hurahisisha kuipata.

Dawa zipo. Asikloviri haifukuzi virusi, lakini inatuliza vidonda haraka. Kondomu inapunguza hatari, haiimalizi.

Na kabla ucheke mtu: utafiti wa kitaifa wa 2007 ulipata HSV-2 kwa karibu Wakenya 35 kati ya kila 100, wa miaka 15 hadi 64. Kwa matatu ya abiria 14, hao ni kama watano. Wengi wao hawajui.

Kwa hivyo mtu wako akikuletea karatasi, usianze na "ni nani?" Anza na "ulipimwa aje?" Halafu nawe ukapimwe.