Lete Tupa

Mashine yetu ndogo ya kukatia haizunguki. Inatetemeka, hadi mara 20,000 kwa dakika, na bledi yake hula mbao kwenye kona ambazo msumeno hauingii. Ikikutana na msumari uliojificha, meno huisha kabla ya chai ya saa nne. Bledi mpya ni nauli yangu ya wiki nzima. Baba husema, "Lete tupa."

Tangu nimalize chuo nashinda naye karakanani, Keko, nikisubiri kuitwa kwenye usaili. Amenifundisha kuibana bledi kwenye jiliwa, kuifuata pembe ya kila jino, kusukuma tupa mbele tu na kuinyanyua inaporudi. Kila jino lipate misukumo sawa, lisije moja likabeba kazi ya wenzake. Kwenye bledi za kukatia chuma tupa huteleza. Hizo tunazigusa kwa diski nyembamba ya grenda na kuacha, kugusa na kuacha, maana meno yakigeuka bluu ugumu umekwenda.

Macho ya baba hayaoni jino tena. Hulipapasa kwa kidole gumba, kisha huniambia lipi limebaki butu. Hakosei.

Kila tunaponoa, bledi hupungua. Noa ya nne au ya tano huwa ndiyo ya mwisho. Wiki hii baba hakuipapasa. Alikaa kwenye benchi, akasikiliza tupa yangu, akasema, "Endelea."