Fundi hakuhusika

Faili za kikundi chetu cha VICOBA nilizifuta mimi. Hazikuliwa na virusi, umeme haukukatika, na fundi wa Ngamiani aliyelaumiwa na kikundi kizima hana kosa. Nilikuwa katibu, kompyuta ilikuwa mikononi mwangu, nikabonyeza mwenyewe, kisha nikadanganya kwa miezi. Mbele ya kikao cha kikundi nimeshakiri. Ninaandika kwa sababu uongo wangu ulitoka kikundini ukaingia mitaani, na hapa Tanga wapo watu ambao hawakuwamo kwenye kikao kile na mpaka leo wanamtaja yule kijana kuwa ndiye aliyetuharibia.

Kompyuta ilikuwa mali ya kikundi, laptopu ya mtumba yenye diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Ndani yake kulikuwa na Windows 10 iliyopigwa bila leseni, kama zilivyo nyingi mitaani kwetu. Taarifa za kikao nilikuwa nikizichapisha steshenari, na kila flashi iliporudi kutoka huko ilirudi na virusi: mafolda yamegeuka shotikati, faili zimejificha, nami usiku wa kuamkia kikao nahangaika kuzitafuta. Halafu ikaja habari kwamba Microsoft wangeacha kuitolea Windows 10 masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 isingekubali kwenye mashine yetu, maana inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na vyote viwili hatukuwa navyo. Kununua mashine nyingine lilikuwa jambo la kusahau.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyenipa flashi yenye Linux Mint. Alinieleza kuwa ni mfumo huria: hauuzwi, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadilisha, na kiini chake alianza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kiini hichohicho ndicho kinachoendesha simu za Android, kwa hiyo nilikuwa nakitembeza mkobani siku zote bila kujua. Mimi nilikumbuka kwamba hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, zikaitwa Jambo OpenOffice. Nikajiuliza kwa nini miaka yote hiyo tumeendelea kutumia kitu cha wizi ilhali cha halali kinatolewa bure. Swali hilo bado naliona la haki. Sijutii kuutaka mfumo ule, na leo ninautumia.

"Mama mdogo," aliniambia kabla hajarudi chuoni, "usisakinishe kabla hujahamishia vitu vyako kwenye diski nyingine."

Nikamjibu kwamba nimeelewa.

Na njia ya kuhamisha nilikuwa nayo. Linux Mint unaweza kuiwasha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ukaitumia, ukaichunguza, bila diski ya kompyuta kuguswa hata kidogo. Nilifanya hivyo jioni nzima. Niliingia intaneti, nikafungua LibreOffice, nikaingia hata kwenye folda ya kikundi na kuifungua leja ya mikopo kutoka humohumo. Ilifunguka vizuri, safu zote ziko mahali pake, majina, tarehe, kiasi, rejesho. Kama wakati ule ningechomeka flashi ya pili na kunakili folda ile moja, kazi ingekwisha kwa dakika chache na mambo yote ninayoyasimulia hapa yasingetokea. Sikunakili kwa sababu niliamini kwamba faili za kikundi ziko D.

Hapa lazima nieleze, maana najua wengi wanaamini nilichoamini mimi. Mafundi wetu wana desturi nzuri ya kuigawa diski sehemu mbili. Windows inakaa C, vitu vya mwenye kompyuta vinakaa D. Mfumo ukiharibika, fundi anafuta C, anapiga Windows upya, na D inabaki ilivyokuwa. Kompyuta yetu ilikwisha kufanyiwa hivyo, na mara zote D ilisalimika. Basi kichwani mwangu C ikawa diski na D ikawa diski nyingine, kwa sababu ndivyo zinavyoonekana, kila moja na picha yake na ukubwa wake. Kumbe chuma ni kimoja. C na D ni vipande viwili vya diski ileile, na hizo herufi ni utaratibu wa Windows tu. Linux haina C wala D. Diski nzima inaiita sda, na vipande vyake sda1, sda2, sda3, na kuendelea.

Kisakinishi kikafika mahali pa kuchagua: kuweka Linux Mint kando ya Windows, kufuta diski na kusakinisha, au kupanga vipande mwenyewe. Nikachagua kufuta diski, nikiwa na maana ya C. Likatokea dirisha la mwisho la kuuliza kama mabadiliko yaandikwe. Lilisema wazi kwamba jedwali la vipande vya sda litabadilishwa, likataja na vipande vitakavyoumbizwa upya. Nilisoma neno kwa neno. Kiingereza kile nilikielewa, kwa hiyo lugha siisingizii. Nilikuwa natafuta herufi D kwenye orodha ile, na nilipoona haimo, moyo ukatulia. Nilichukua kutotajwa kwa D kuwa ndiyo usalama wake. Sikujua sda ni nini, nilijua kwamba sijui, na simu ilikuwa mezani. Mpwa wangu angepokea. Sikumpigia kwa sababu kikundini mimi ndiye mama wa kompyuta, ninayeitwa kila kitu kikikwama, na nilishaanza kujizoesha kutouliza. Nikabonyeza kuendelea.

Mfumo ulipowaka, mzuri, mwepesi, nikafungua kidhibiti faili kutafuta D. Haikuwapo.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachoniuma zaidi kuliko kule kubonyeza. Baadaye mpwa wangu alinielewesha kwamba jedwali la vipande likiandikwa upya, sehemu kubwa ya yaliyomo kwenye diski ya kuzunguka hubaki palepale. Mfumo mpya haujui tena yalipo, na nafasi yake unaihesabu kuwa tupu, lakini yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Linux Mint inapoanza inachukua gigabaiti chache tu kati ya 500. Kama ningezima kompyuta dakika ileile na kumwita mtu anayejua, ipo programu huria inayoitwa TestDisk, kazi yake ni kutafuta vipande vilivyopotea na kuvirudisha. Pengine D ingerudi karibu yote. Mimi sikuzima. Niliacha masasisho yashuke, nikaweka programu hii na ile nikidhani mojawapo itanionyesha D ilikojificha, nikawasha na kuzima. Kila tendo liliandika kitu kipya kwenye diski.

Asubuhi nilipaswa kumpigia mwenyekiti. Nilikwenda Ngamiani kwa fundi.

Nilimwambia kompyuta inasumbua, anipigie Windows. Hakuuliza mengi. Akaigawa diski upya, C na D, akaweka Windows, akaweka na programu za kawaida. Nilisimama pale kibandani nikimwangalia, na nilikuwa najua kwamba ninamlipa aondoe alama ya nilichokifanya. Nilichokuwa sijui ni kwamba faili zenyewe bado zilikuwa mle ndani, nyingi, na zilikuwa zinafunikwa mbele ya macho yangu. Kufuta kwa kutojua kulituachia nafasi ya kuokoa. Kuficha ndiko kulikoila nafasi hiyo.

Kwenye kikao nilisema hivi: "Laptopu niliipeleka kwa fundi, imerudi haina kitu." Maneno hayo niliyapanga nikiwa njiani. Hakuna neno moja ndani yake lililo la uongo, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu. Mmoja akauliza kama fundi ndiye aliyefuta. Nikasema, "Labda." Neno hilo moja likatosha. Waliobaki walimalizia wenyewe, kwamba vijana wa siku hizi hawana umakini, kwamba fundi huyo hata simu ya fulani aliiharibu. Wanachama tuko karibu 30, na kila mmoja ana nyumba, majirani na ndugu. Baada ya muda wateja wa mtaa wetu wakawa wanampita fundi yule na kwenda kwa wengine. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita barabara ya pili ili tusionane.

Hisa tuliweza kuzirudisha, kwa kuwa kila mwanachama ana kijitabu chake chenye mihuri. Mfuko wa jamii nao ulikuwa na daftari. Mikopo ndiyo ilikuwa kwenye leja ya kompyuta peke yake, kwa uamuzi wangu, nikisema daftari la mkono limepitwa na wakati. Waliorejesha kwa simu walionyesha ujumbe wa M-Pesa. Waliorejesha taslimu kikaoni hawakuwa na cha kuonyesha. Ilipofika Desemba, wakati wa kuvunja kasha na kugawana, mama mmoja muuza dagaa alisema amemaliza rejesho lake, mwenyekiti akasema hakumbuki, na mimi, niliyepokea fedha ile kwa mkono wangu na kuiandika, nilisema kumbukumbu hazipo. Wakamkata kwenye gawio lake. Alikaa kimya akifunga na kufungua fundo la khanga. Nilijua kwamba amelipa.

Siku iliyofuata nilimpigia mpwa wangu, nikamwambia yote. Alikuja likizo akaihangaikia diski ile kwa PhotoRec, programu nyingine huria, ambayo hailiangalii jedwali bali inapekua diski nzima ikitafuta alama za faili. Ilileta mamia ya faili zisizo na majina, kila moja herufi f na namba ndefu. Nilizifungua moja moja. Nyingi zilikataa, kwa sababu faili ya Excel ikifunikwa hata sehemu ndogo inaweza isifunguke kabisa. Leja ya mikopo niliyoipata ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Mpwa wangu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa nini hukunipigia, mama mdogo?" na nilishindwa kumjibu bila kulia.

Kwa fundi nilikwenda peke yangu. Nilianza kueleza habari za Linux, akanikatisha kwa upole: "Dada, niliiona siku ileile. Ilipowaka ilileta nembo ya Mint. Windows gani inaleta nembo ya Mint?" Nikamuuliza kwa nini hakusema alipoanza kulaumiwa. Akasema fundi akijitetea ndipo anapoonekana mwongo zaidi, na kwamba alikuwa akingoja nije. Nikampa fedha kidogo nilizokuwa nimezitenga. Akazikataa. Alitaka niende kwenye kikao kilekile, kwa watu walewale, niseme nilichofanya bila kusema "kulitokea makosa".

Nikaenda, nikasema. Nilitaja kubonyeza, nilitaja kumpelekea fundi kompyuta ili aniondolee alama, nilitaja fedha ya muuza dagaa kwamba niliipokea na kwamba nilinyamaza nikijua. Kelele zilikuwa nyingi, na walikuwa na haki. Nilivuliwa ukatibu na kutozwa faini, na fedha aliyokatwa mama yule niliilipa mimi papo hapo. Mwenyekiti akampigia fundi simu mbele yetu akamwomba radhi kwa niaba ya kikundi. Sasa mikopo inaandikwa kwenye daftari la mkono na kusainiwa na aliyelipa, ndipo inaingizwa kwenye kompyuta, na nakala inabaki kwenye flashi anayoitunza mweka hazina. Kompyuta ina Linux Mint. Safari hii aliyeisakinisha ni fundi, nami nililipia.

Mama muuza dagaa alizihesabu fedha zake, akazifunga kwenye khanga. Kikao kilipoisha alinisubiri mlangoni. "Hela nimepata," alisema. "Ile siku mliyoniita mdaiwa mbele za watu, utanilipa na nini?" Nilimwambia sina cha kulipa siku ile. Akasema anajua, alitaka tu nami nijue.